Taa ya LED nyuma ya kioo cha kikokotoo cha grafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa kila ninapowasha kikokotoo changu gizani na kioo chake kikang'aa. Majibu yanahusu hasa TI-83 Plus na TI-84 Plus za Texas Instruments, zenye kioo cha kijivu, kwa kuwa ndizo nilizofungua kwa mikono yangu. Nimefungua tatu: mbili zinafanya kazi hadi leo, moja niliipasua kioo. Ukisoma sehemu moja tu, soma ile ya kubandua karatasi ya rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo, maana hapo ndipo vikokotoo vingi vinapokufa.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini kikokotoo changu hakina taa tangu kiwandani?

Kwa sababu kilitengenezwa kitumie betri kidogo iwezekanavyo. Casio fx-7000G, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa duniani, kilitoka mwaka 1985, na kwa miaka mingi baada yake karibu vyote vilifuata njia ile ile: kioo cha LCD kinachotegemea mwanga wa chumba. TI-83 Plus ya mwaka 1999 ni hivyo pia.

Kioo cha namna hiyo hakitoi mwanga hata kidogo. Mwanga wa dirishani au wa balbu unaingia kwa mbele, unapita kwenye kioo, unagonga karatasi ya fedha iliyobandikwa nyuma, kisha unarudi machoni kwako. Pale kikokotoo kinapotaka weusi, kinauzibia mwanga njia. Chumba kikiwa giza, hakuna cha kurudishwa, na namba zinapotea.

Nikibandika LED nyuma ya kioo bila kubandua kitu, itawaka?

Itawaka, lakini hutaiona. Ile karatasi ya fedha inayorudisha mwanga wa mbele inarudisha pia mwanga wa nyuma. Huu ndio msingi wa kazi yote: kuwasha LED ni jambo la dakika kumi, kuufungulia mwanga wake njia ni jambo la jioni nzima.

Si rahisi zaidi ninunue chenye taa?

Kama una fedha, au una mtihani mwezi huu, ndiyo. TI-84 Plus C Silver Edition ya mwaka 2013 na CE iliyofuata mwaka 2015 zina kioo cha rangi chenye taa na betri ya kuchaji. TI-Nspire CX na Casio fx-CG50 nazo zina taa. Hata Casio fx-9860G Slim, yenye kioo cha rangi moja, ilitoka kiwandani na taa yake.

Fanya kazi hii ikiwa unacho cha zamani ambacho hakuna anayekitegemea, na unataka kujua kioo cha LCD kinavyofanya kazi kwa kukishika. Mimi nilisoma polaraiza (filamu inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) darasani na sikuielewa mpaka nilipoizungusha kwa vidole nikaona namba zikitokea.

Naweza kuingia nacho kwenye mtihani?

Usidhani, uliza. Mitihani ya taifa ya Tanzania na Kenya inataka vikokotoo visivyopangiwa programu, kwa hiyo kikokotoo cha grafu hakiingii, kiwe na taa au kisiwe nayo. Baadhi ya karatasi za hisabati za IB, diploma ya kimataifa ya sekondari, zinakihitaji, na AP Calculus ya Marekani pia. Lakini kilichotobolewa na kuongezwa swichi kinaweza kumtia msimamizi wasiwasi, na si haki kumlazimisha aamue asubuhi ya mtihani. Mwonyeshe mwalimu wiki kadhaa kabla, na uwe na cha akiba ambacho hakijaguswa. Kwa SAT, mtihani wa kuomba nafasi vyuo vya Marekani, tatizo ni dogo, kwani sasa inafanyika kwenye kompyuta na kikokotoo cha Desmos kimo ndani yake.

## Vifaa

Ninahitaji nini?

Bisibisi ya nyota ya T6 na ya kawaida ndogo, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu, mita ya kupimia volti, LED tatu, resista tatu (za kupunguza umeme unaofika kwenye LED), swichi ndogo ya kusukuma pembeni, nyaya nyembamba, pamba, spiriti, wembe mpya wa kukatia filamu (si wa kubandulia, utaona kwa nini), kipande cha polaraiza, bamba la plastiki angavu la kusambazia mwanga, na karatasi nyeupe. Mengi ya haya yapo kwenye meza ya fundi simu yeyote.

Polaraiza naipata wapi?

Kwenye kioo cha LCD kilichokufa: televisheni bapa iliyopasuka, kompyuta mpakato, hata kioo kikubwa cha simu. Ile filamu ya kijivu iliyobandikwa juu ya kioo ndiyo polaraiza. Kioo kimoja cha televisheni kinatoa ya kutosha vikokotoo vingi, na mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huwa na vioo vya kutupa. Chukua kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kwa sababu utakikata kwa mshazari au wima kutegemea kinavyolala. Angalia swali la namna ya kuweka polaraiza hapa chini.

Kwa kuhakikisha, ichukue filamu uitazame simu yako iliyowashwa kupitia kwayo huku ukiizungusha. Kioo cha simu kikififia na kung'aa kadiri unavyozungusha, hiyo ni polaraiza. Kuna simu ambazo hazifikii giza kabisa, lakini mabadiliko utayaona.

Na bamba la mwanga?

Fungua kioo chochote cha LCD chenye taa. Nyuma yake utakuta bamba angavu la plastiki lenye vidoa vidogo sana upande mmoja. Kazi yake ni kupokea mwanga ukingoni na kuutoa usoni kwa usawa. Juu yake huwa kuna karatasi nyeupe laini za kutawanya mwanga, zichukue nazo. Kama bamba ni kubwa, likate taratibu kwa msumeno wa meno madogo kisha ulainishe kingo kwa msasa.

Usipopata, kipande cha akriliki cha milimita 2 kilichokwaruzwa upande mmoja kwa msasa kinafanya kazi hiyo, ingawa mwanga hautakuwa sawa kama wa bamba la kiwandani.

LED za rangi gani, na ukubwa gani?

Nyeupe inasomeka vizuri. Nyekundu haiumizi macho gizani na inahitaji volti kama 2 tu. Bluu inapendeza kwenye picha lakini inachosha kuisoma kwa saa nzima, sikushauri.

Ukubwa ni muhimu kuliko rangi. LED ya kawaida ya milimita 5 haitoshei ndani. Chagua zile bapa za kulehemu juu ya bodi, au chukua ya milimita 3 uisugue pande mbili kwa msasa na kuondoa kichwa chake cha mviringo. Usiifikie ile waya nyembamba iliyo ndani.

Ukitoa mkanda mzima wa LED kwenye kioo cha simu, pima kwanza. Mingi imeunganishwa kwa mfululizo na inadai volti nyingi kuliko betri nne zinavyoweza kutoa, kwa hiyo utaona giza na kudhani imeungua. Zikate, uzitumie moja moja.

## Umeme

Nitumie resista ya omu ngapi?

Betri nne za AAA mpya zinatoa volti 6. LED nyeupe inachukua karibu volti 3. Volti 3 zinazobaki lazima zimalizikie kwenye resista. Ukiweka omu 330, unapata 3 kugawanya kwa 330, yaani karibu miliampia 9. Ukiweka omu 680, unapata miliampia 4.4.

Kila mtu anaanza na 330 kwa kuwa anataka mwanga mwingi. Gizani miliampia 9 kwa LED moja zinachoma macho, na LED tatu zinakula betri bure. Tumia 680. Mimi kwenye kikokotoo changu cha pili niliweka omu 1,000 na kinasomeka vizuri kabisa wakati umeme umekatika.

Naweza kuunganisha LED zote kwenye resista moja?

Usifanye hivyo. LED hazifanani hata zikitoka pakiti moja. Ile inayodai volti kidogo zaidi itavuta umeme mwingi kuliko wenzake, na upande mmoja wa kioo utang'aa kuliko mwingine. Kila LED na resista yake.

Kuunganisha mbili nyeupe kwa mfululizo nako hakufai hapa: zinahitaji karibu volti 6 zote, na betri zikichoka kidogo tu, taa inazima.

Betri zitadumu muda gani?

LED tatu zenye omu 680 zinavuta karibu miliampia 13 betri zikiwa mpya. AAA nzuri ya alkali ina takriban miliampia-saa 1,000, kwa hiyo ni saa 75 hivi za taa. Ukisoma saa mbili kila usiku, ni zaidi ya mwezi. Kwa kweli zitakwenda mbele kidogo, kwa sababu volti zinaposhuka taa nayo inapungua na kuvuta kidogo, lakini utaiona imefifia. Ukisahau kuizima usiku kucha siku chache mfululizo, zimekwisha.

Umeme wa LED niuchukue wapi?

Kwenye vipande vya chuma vya sanduku la betri: chanya ya mwisho na hasi ya mwisho. Pima kwa mita kabla ya kulehemu. Usiutafute ndani ya bodi karibu na prosesa. Miguu ya prosesa haikutengenezwa kubeba mzigo wa taa.

Kumbuka kwamba kitufe cha ON hakikati umeme wa betri. Kinaamsha tu prosesa. Ndiyo maana taa inahitaji swichi yake. Itobolee tundu pembeni, mahali ambapo kifuniko cha kuteleza hakipiti. Jaribu kuvaa kifuniko kabla ya kutoboa. Nilijifunza hilo baada ya kutoboa, na tundu la kwanza nililiziba kwa gundi.

Betri za kuchaji zinafaa?

Ndiyo. Nne za volti 1.2 zinatoa volti 4.8, na kwa omu 680 kila LED inapata karibu miliampia 2.6. Mwanga unapungua lakini unatosha.

## Kufungua na kubandua

Programu zangu zitapotea?

Zinaweza kupotea. Ndani kuna betri ndogo ya akiba inayolinda kumbukumbu wakati AAA zimetolewa, lakini kazi hii inagusa kila kitu, na kulehemu huku betri ya akiba ikiwa mahali pake si salama. Zihamishie kwenye kompyuta, au kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus ziweke kwenye eneo la Archive, ambalo halitegemei betri. TI-83 ya kwanza, isiyo Plus, haina eneo hilo. Kisha toa betri zote, ya akiba ikiwemo.

Karatasi ya fedha inabanduliwaje?

Ondoa skrubu za nyuma na zile za ndani ya sanduku la betri, fungua ganda taratibu, kisha skrubu za bodi. Kioo kimeunganishwa na bodi kwa utepe mwembamba, na huo utepe ndio roho ya kikokotoo: umegundishwa kwa joto, haukulehemiwa, na ukiuvuta mistari mizima ya kioo inapotea. Kunja kitambaa ukiweke chini ya kioo ili kilale sawa na bodi, utepe usining'inie wala kukunjika.

Sasa geuza uone mgongo wa kioo. Ile rangi ya fedha ni filamu iliyobandikwa kwa gundi ngumu. Anza kwenye pembe iliyo mbali kabisa na utepe. Tumia ukucha, au kipande cha kadi ya plastiki kilichochongwa. Hapa ndipo nilipotumia wembe kwenye kikokotoo cha kwanza. Uliingia vizuri kama nusu sentimita, nikapata moyo, nikausukuma, nikasikia mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Kioo cha LCD ni vioo viwili vyembamba vyenye kimiminika katikati, na chuma kinapobenjua ukingo hakuna msamaha. Doa jeusi lilitambaa kutoka pembeni hadi katikati mbele ya macho yangu.

Pembe ikishanyanyuka, ikunje nyuma kabisa, karibu kulala juu ya filamu yenyewe, na uivute polepole sambamba na kioo. Usiivute kwenda juu. Draya ya nywele kwa mbali inalainisha gundi. Usiielekeze kwenye utepe. Ikigoma, acha, vuta pumzi, rudi baada ya dakika chache. Kikokotoo changu cha pili kilichukua karibu saa moja na nusu kwa filamu isiyozidi upana wa kiganja.

Utomvu unaobaki ufute kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo, ukizungusha. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoke, na usifike kwenye kingo za kioo wala kwenye filamu ya mbele. Utabadilisha pamba mara nyingi kabla kioo hakijawa safi.

Nimebandua, nimewasha, kioo kimebaki kitupu. Nimekiua?

Karibu kila mtu anauliza hili, mara nyingi usiku wa manane. Hapana, huenda hujakiua. Filamu uliyoibandua kwa kawaida ni vitu viwili pamoja: karatasi ya fedha na polaraiza ya nyuma. Bila polaraiza hiyo namba zipo lakini jicho haliwezi kuziona. Weka kipande chako cha polaraiza nyuma ya kioo, elekeza kwenye taa, na zungusha. Zitatokea.

Polaraiza inawekwa upande gani?

Washa kikokotoo, andika namba chache, shika filamu nyuma ya kioo na uizungushe polepole. Kuna mkao ambapo namba zinakuwa nyeusi kabisa juu ya weupe. Ukizungusha robo duara kutoka hapo, mambo yanageuka: namba nyeupe juu ya weusi. Huu wa pili wengine wanaupenda kwa usiku, lakini mchana bila taa hausomeki, hivyo mimi nabaki na wa kwanza.

Mkao ukipatikana, weka alama kwa kalamu kabla filamu haijasogea, ndipo ukate. Kosa la nyuzi chache tu linafanya weusi uwe kijivu.

Tabaka zinapangwaje?

Kutoka mbele kwenda nyuma: kioo, polaraiza, karatasi ya kutawanya mwanga, bamba la mwanga na LED zake ukingoni, mwisho karatasi nyeupe. Ziba kingo za bamba kwa tepu ya umeme ili mwanga usivuje kwenye vitufe. Zishikilie tabaka kwa tepu pembeni. Usitumie gundi ya papo hapo ndani ya ganda. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo ambao hautoki.

Kama ganda halifungi, usilikaze kwa skrubu. Tabaka zimezidi unene, na shinikizo litaonekana kama doa jeusi kwenye kioo, au litakipasua. Punguza unene wa bamba.

## Matatizo baada ya kufunga

Baadhi ya mistari haionyeshi.

Utepe umeachia. Bonyeza kwa kidole pale unaposhikana na kioo. Mistari ikirudi, gundi imelegea tu. Kipande chembamba cha sponji kinachobana sehemu hiyo ganda likifungwa mara nyingi kinatosha.

Upande mmoja unang'aa, mwingine giza.

LED hazijakaa sawa na ukingo wa bamba, au bamba limegeuzwa. Upande wenye vidoa unatakiwa utazame nyuma, kwenye karatasi nyeupe. Tazama pia jibu kuhusu resista moja kwa LED nyingi.

Namba zimekuwa hafifu.

Kabla ya kufungua tena, rekebisha weusi wa kioo: bonyeza 2nd kisha mshale wa juu kuongeza, wa chini kupunguza. Kioo chenye taa nyuma kinataka kiwango tofauti na cha zamani. Isiposaidia, rudi kwenye mkao wa polaraiza.

Mchana, taa ikiwa imezimwa, kioo ni cheusi kuliko zamani.

Ni kweli, na hakuna namna ya kulikwepa lote. Umeondoa karatasi ya fedha iliyokuwa ikirudisha mwanga vizuri, na karatasi nyeupe uliyoweka nyuma ya bamba inafanya kazi hiyo kwa kiasi tu. Ndiyo maana isikosekane, na iwe nyeupe safi. Nje juani kinasomeka. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu utawasha taa.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kuongeza taa bila kubandua chochote?

Ndiyo: weka LED mbili au tatu kwenye ukingo wa juu wa kioo, kwa mbele, chini ya plastiki ya kinga, zikimulika kwa mshazari. Karatasi ya fedha inabaki na kazi yake. Mwanga unakuwa na mawimbi, mkali karibu na LED na hafifu mbali, lakini hakuna hatari ya kupasua kioo. Kwa mwenye kikokotoo kimoja tu, ningemwambia aishie hapa.

Casio fx-991MS yangu je?

Ile inatumia paneli ya jua na betri moja ya LR44 ya volti 1.5. LED nyeupe inataka mara mbili ya hizo, kwa hiyo haitawaka. Ungelazimika kuongeza betri nyingine ndani, na nafasi hakuna. Iache.

Kwa nini nisitumie karatasi ya mwanga kama ya saa za Indiglo, ambazo uso wote unawaka ukibonyeza kitufe?

Inapendeza, ni nyembamba, na mwanga wake uko sawa kila mahali. Lakini inataka umeme wa kupishana wa volti nyingi, hivyo unaongeza kibadilishi ndani ya ganda, na vibadilishi vingi vinapiga mluzi mwembamba.

Njia hii inafaa kwa Game Boy ya zamani?

Ile ya mwaka 1989, ndiyo, kioo chake kimejengwa kwa namna ile ile na kinabanduliwa vivyo hivyo.

Nikitaka kukirudisha kama kilivyokuwa?

Filamu uliyoibandua haitumiki tena, maana inatoka ikiwa imekunjamana. Unachoweza ni kutoa bamba na LED, kuacha polaraiza mpya mahali pake kwa mkao ule ule, na nyuma yake kuweka foili upande wake usiong'aa sana, ikiwa imenyooshwa bila mikunjo. Weusi wa namba utakuwa karibu na ule wa zamani. Tundu la swichi litabaki.